Ndoo Yenye Mstari Mwekundu

Watu walimwita Jicho, na jina hilo hakulipata kwa uzuri wa macho yake. Alikuwa fundi zege mwenye miaka thelathini na miwili kazini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona ameshika kipimo. Mchanga aliupima kwa jicho, kokoto kwa jicho, na maji ndiyo kabisa: aliyamwaga huku akitazama pembeni na kusimulia visa vya jirani yake, na zege likatoka laini, likiteleza kwenye beleshi bila kusukumwa. Wenzake walipomuuliza amejuaje kwamba maji yametosha, alijigonga kidole chini ya jicho na kucheka. Cheti chake cha ufundi kilikuwa sebuleni ndani ya fremu ya kioo, kimetundikwa juu kuliko picha ya harusi, na mke wake hakuchoka kuwaonyesha wageni jambo hilo.

Dada yake mkubwa alikuwa mtu wa namna nyingine. Huyu alipima kila kitu, hata chumvi. Mumewe, fundi pancha, alimwachia vyumba viwili vya matofali, ua mpana na mlima wa matairi chakavu uliofika usawa wa paa. Mjane akaendelea na kazi ya kuziba pancha, na mtaa mzima ukamwita Mama Mpira. Wenye matairi kama yale kwa kawaida huyachoma ili wauze waya wa ndani. Mumewe alichoma miaka kumi na mitano, kisha akafa akikohoa kitu cheusi kwenye kitambaa. Siku ya msiba, Mama Mpira alisema mbele ya watu kwamba katika ua wake hakitawashwa tena kiberiti, na hakikuwashwa.

Habari ya zege ililetwa na binti mmoja anayefanya kazi katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi. Alikuja kuziba tairi la baiskeli, akautazama ule mlima, akasema kwamba matairi yakisagwa punje ndogo yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga kwenye zege.

"La nguzo za ghorofa hapana," alisema. "Mpira hupunguza nguvu. Lakini la njia ya kupita watu linafaa, tena halipasuki ovyo. Likigongwa linavumilia."

Maneno hayo yalimwingia Mama Mpira yakakaa. Alimtafuta mchomeleaji amgeuzie kinu kikuukuu kiwe cha kusaga mpira. Akakata matairi kwa kisu kilicholowekwa maji ya sabuni, akayang'oa waya, akayasaga, akayachekecha kwa wavu mpaka akapata punje za ukubwa wa mchele. Zege lake la kwanza lilikuwa aibu tupu. Ulikuwa ukikwangua kwa kucha, punje zinamwagika, kwa sababu saruji ilikuwa haiushiki mpira. Binti wa Maabara akamwambia azioshe kwanza kwa ile soda kali ya watengenezaji sabuni, azisuuze, azianike. Hapo saruji ikaanza kung'ata. Mwaka mzima sufuria za mama huyu zilikuwa na kazi mbili, na mgeni mwenye akili aliangalia ndani ya kikombe kabla hajamiminiwa chai.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa maji. Zege la mpira huonekana kavu hata pale linapokuwa sawa. Linagoma, linasimama pale beleshi lilipoliacha, na mkono wa fundi unawasha kutaka kuliongezea maji. Ukiongeza, limeharibika, maana punje ni nyepesi na huelea juu. Baada ya majaribio yasiyo na idadi, Mama Mpira alikipata kiasi chenyewe. Akachukua ndoo nyeupe na chupa ya rangi ya kucha iliyobaki tangu harusi ya binti wa jirani, akachora mstari mwekundu ndani ya ndoo. Maji ya mchanganyiko mmoja yalikuwa hapo, si tone chini wala tone juu.

Kisha ofisi ya mji ikabandika karatasi kwenye geti lake. Matairi yanafuga mbu, matairi ni hatari ya moto, yaondolewe ndani ya siku sitini, la sivyo eneo lote litasafishwa pamoja na kilichomo. Kilichomo kilikuwa ni yeye na nyumba yake.

Hakulia. Alifunga kipande cha zege kwenye kanga, akaenda nacho ofisini, akakiweka juu ya meza ya afisa. Afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikigonga kwa rula, akakigonga tena, akaita wenzake. Baada ya safari nyingi za njoo kesho, walifikia makubaliano. Ofisi ilikuwa inajenga njia ya waendao kwa miguu kutoka barabarani hadi zahanati. Kama zege la mpira lingefaulu maabara likiwa na siku ishirini na nane, njia hiyo ingejengwa kwa matairi yake na ua wake ungeandikishwa kuwa mahali pa kazi. Ila fomu ilitaka zege la majaribio lichanganywe na fundi mwenye cheti, naye atie sahihi.

Ndipo alipomwendea mdogo wake.

"Dada, zege ni zege," alisema Jicho. "Umekuja na wasiwasi wa nini?"

"Hili si kama mengine. Nitakuonyesha."

"Utanionyesha mimi?" Jicho akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuona kuna nini.

Siku ya kuchanganya ilipofika, siku ishirini kati ya zile sitini zilikuwa zimeliwa na safari za ofisini. Zilibaki arobaini. Ishirini na nane za zege kukomaa ndani ya maji, na kumi na mbili za ziada. Mama Mpira aliiandika hesabu hiyo kwa chaki kwenye ubao wa mlango ili asiisahau.

Asubuhi hiyo, kabla vibarua hawajafika, alichanganya mchanganyiko mmoja kwa mikono yake mwenyewe huku Jicho amesimama pembeni. Alijaza ndoo hadi mstari mwekundu, akainama kuhakikisha maji yamelala sawasawa, akaongeza kijiko kimoja kilichopungua. Zege lilipokuwa tayari alilimwaga mbele ya mlango wake, mahali ambapo mvua ilikuwa ikiingiza matope, akalisawazisha likawa ngazi moja nene ya kukanyagia. Lilikuwa gumu kulisukuma. Mama wa watu alitoka jasho.

"Umeona? Litakuudhi, lakini usiliongezee kitu."

"Nimeona, dada," alisema Jicho, akipiga miayo. Alikuwa akitazama njia, vibarua wake walikuwa wanakuja.

Vibarua walikuwa wawili, na mmoja wao, mrefu kama mlingoti, alikuwa na mdomo usiojua kupumzika. Walianza vizuri. Kokoto, mchanga, saruji na punje nyeusi vilipimwa kwa debe mbele ya macho ya Mama Mpira, na maji yakamwagwa kutoka kwenye ndoo ya mstari. Kisha dereva wa lori akapiga honi getini, gurudumu limekaa chini, na Mama Mpira akakimbia kumhudumia. Alikwenda akigeuka nyuma mara mbili.

Zege likagoma, kama lilivyosemwa. Beleshi likilisukuma linasogea kidogo na kusimama.

"Fundi," alisema yule mrefu, "leo unatuchanganyia zege au unatukaangia karanga?"

Mwenzake akaangua kicheko. Jicho naye alicheka, lakini shingo yake ilikuwa imepata moto. Miaka thelathini na miwili hakuna kibarua aliyewahi kulicheka zege lake. Alilitazama, na macho yale aliyoyaamini kuliko kitu chochote yakamwambia kwamba ni kavu. Dada yake alikuwa mtu wa pancha, lakini hili alilijua yeye. Alichota jagi moja kwenye pipa la kuoshea, akamwaga huku akitazama pembeni. Halafu, kwa kuwa jagi la kwanza halikuonekana kufanya kitu, akamwaga la pili.

"Ee, sasa hilo ndilo zege," alisema yule mrefu, na kwa dakika chache Jicho alijisikia vizuri sana.

Walijaza kalibu tatu za chuma, kila moja ya kutoa kipande cha mraba pande zote, kinachobebeka kwa mikono miwili. Jicho alishindilia kwa nondo kama kawaida yake. Ndipo punje nyeusi zilipoanza kupanda juu, moja moja, kisha kwa makundi, mpaka uso wa zege ukawa kama chai iliyomwagikiwa na majani. Alisimama. Alijua palepale. Tusimtetee kwa kusema hakujua.

Dawa ilikuwepo na ilikuwa ndogo: kulimwaga lile zege, kuosha kalibu, kuanza upya. Mbele yake kulikuwa na vibarua wawili, na getini alisikia dada yake akiagana na dereva. Alichukua saruji kidogo, akaikoroga iwe uji, akaipaka juu ya punje kwa mwiko mpaka nyuso tatu zikawa laini na safi, zinang'aa.

Mama Mpira alirudi akipangusa mikono kwenye kanga. Aligusa kipande kimoja kwa mgongo wa kidole.

"Mkono wa mdogo wangu," alisema taratibu. "Angekuwepo shemeji yako leo, angelia."

Siku ya pili vipande vilitolewa kwenye kalibu, vikapelekwa maabara kukaa ndani ya maji. Jicho alirudi kwenye kazi zake na kujiambia kwamba pengine havikuharibika sana. Aliikuta hofu ikimsubiri mahali pa ajabu: akinyoa ndevu, akinawa mikono kabla ya kula. Hesabu ya chaki ya dada yake aliijua kwa moyo. Siku kumi na mbili za ziada. Ndani ya siku hizo angeweza kusema, wangechanganya upya, na zege jipya lingewahi kukomaa. Kilichotakiwa ni sentensi moja.

Siku ya kumi alipiga moyo konde, akaenda. Alimkuta dada yake anachekecha punje, vumbi jeusi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mama Mpira alifurahi kumwona, akamwekea chai kabla hajakaa.

"Wanawake wa bombani wananiuliza kama kitu hiki kitafaulu," alisema. "Nawaambia amechanganya Jicho. Wananyamaza." Akacheka peke yake, kisha akawa mpole. "Unajua, tangu tukiwa wadogo nilikuwa naogopa kukuomba kitu. Mama alikuwa anasema wewe ndiye mwenye mkono, mimi nina maneno tu. Sasa tazama. Maneno yangu na mkono wako."

Jicho alikunywa chai yote. Alisifia kinu. Alipotoka, alikanyaga ile ngazi ya mlangoni, ambayo ilikuwa imekauka na kuwa ya kijivu yenye madoa meusi, akaiona ni ngumu, akatazama pengine haraka. Alijiambia kesho. Kesho yake kulikuwa na kazi ya kumwaga msingi, na siku ya kumi na mbili ilinyesha kutwa nzima. Siku ya kumi na tatu aliamka akiwa na nafuu kifuani, kwa kuwa sasa hata akisema haingesaidia kitu. Nafuu ile ilimwogopesha kuliko hofu yenyewe.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya vumbi la saruji na mafuta ya mashine. Binti wa Maabara alifuta maji kwenye kipande cha kwanza, akakiweka katikati ya mashine ya kukandamiza, akaanza. Mshale wa kuonyesha nguvu ulipanda polepole. Mama Mpira alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusini, na ameshika mkono wa mdogo wake.

Kipande kilitoa mlio mdogo, si mkubwa, kikafunguka ubavuni.

"Tisa," alisema binti.

Cha pili kilitoa nane na nusu. Cha tatu tisa.

"Inatakiwa ngapi?" aliuliza Mama Mpira, ingawa alijua kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Ishirini, mama."

Binti alikigeuza kile kipande kilichovunjika na kukisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Chini kulikuwa na kokoto na saruji tupu. Weusi wote ulikuwa umejikusanya juu, na juu yake kabisa kulikuwa na gamba jembamba la saruji safi. Alilikwangua kwa kucha, likabanduka.

"Mpira umeelea. Hapa maji yalizidi."

"Haiwezekani," alisema Mama Mpira. "Maji yalipimwa. Na aliyechanganya ni huyu, ana miaka thelathini na miwili kazini."

Binti wa Maabara alimtazama Jicho. Hakuwa amekasirika, alikuwa anauliza tu. "Fundi, mlifuata kipimo?"

"Tulifuata," alisema Jicho.

Mama Mpira aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia alichotarajia. Aliuachia mkono wa mdogo wake, akachukua vipande vya punje kwenye meza, akavisugua kati ya vidole.

"Basi ni mpira wenyewe," alisema. "Haufai. Nimejidanganya mwaka mzima, na watu wote nimewadanganya."

"Mama, tungejaribu tena..."

"Nina siku kumi na mbili, mwanangu. Zege linataka ishirini na nane."

Njiani Mama Mpira alitangulia. Jicho alitembea nyuma yake hatua mbili, na mara tatu aliongeza mwendo ili aiseme ile sentensi, kisha akapunguza. Walipofika nyumbani, dada yake alichukua kitambaa kilicholowa, akafuta chaki mlangoni. Kisha akafungua magunia ya punje, alizozisaga, kuziosha na kuzianika, akazimwaga zote chini ya mlima wa matairi.

Kabla ya hapo alikuwa ameapa mbele ya mtaa mzima kwamba katapila likija litamkuta amelala getini, nalo limpite juu. Watu walimjua, walimwamini. Katapila lilipokuja, siku ya sitini na moja asubuhi, alilifungulia geti mwenyewe. Alikaa juu ya sanduku lake kando ya barabara, mikono mapajani, akatazama matairi yakipakiwa kwenye malori.

"Yanapelekwa wapi?" alimuuliza dereva wa lori mmoja.

"Kwenye shimo nje ya mji, mama. Yakijaa yanachomwa."

Aliinamisha kichwa. Jicho, aliyekuja na gari la kuazima kubeba vyombo, alijifanya anafunga kamba.

Ukuta ulianguka kwa pigo moja. Sakafu ya ndani, ambayo Jicho mwenyewe aliimwaga alipokuwa kijana, ilivunjika ovyo, ikageuka kifusi. Kisha jino la katapila likaingia chini ya ngazi ya mlangoni, likaing'oa nzima nzima, likaiinua na kuiachia juu ya kifusi. Ngazi ilitua kwa kishindo, ikadunda kidogo, ikakaa. Dereva alitoa kichwa nje. Aliinyanyua tena, juu zaidi, akaiachia. Ikadunda tena.

"Mama!" alipiga kelele akicheka. "Hili jiwe ulilitoa wapi?"

Mama Mpira aliinuka kwenye sanduku. Alipanda kifusi kwa mikono na miguu, akapiga magoti. Kona moja ya ngazi ilikuwa imemeguka kiasi cha nusu kiganja, na hapo ndani yake ilionekana wazi. Punje nyeusi zilikuwa zimesambaa kutoka chini hadi juu, kila moja mahali pake, zimeshikwa na saruji. Alijaribu kuing'oa moja kwa kucha. Alijaribu nyingine. Kucha ikavunjika.

Dereva alizima injini akamsubiri. Mama Mpira aliposhuka, alikuja moja kwa moja kwa mdogo wake, akasimama karibu sana naye.

"Uliweka maji kiasi gani?"

"Dada..."

"Nakuuliza maji."

"Majagi mawili," alisema Jicho. "Juu ya yale ya mstari."

Mama Mpira aliitikia taratibu, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa. "Na ulijua lini kwamba limeharibika?"

"Siku ile ile."

Alitegemea kofi, au laana, au kilio cha kuita watu. Angeyapokea yote, tena angeshukuru. Dada yake aligeuka kutazama lori la mwisho lililokuwa linatoka getini, matairi yamefungwa kwa mnyororo.

"Zilikuwepo siku kumi na mbili," alisema.

Dereva wa katapila aliuliza kama jiwe lile alitenge, huenda mama analitaka. Mama Mpira alimwambia alipakie na takataka nyingine. Kisha akapanda kwenye gari aliloazima mdogo wake, akaweka sanduku mapajani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mke wa Jicho alikuwa ameshamtandikia godoro sebuleni, chini ya cheti.